Sukari Asiyoila Mtoto

“Muganga, kwa joto hili mtoto atakaaje bila maji?” Siku ya CPS, yaani kliniki ya watoto wadogo, wanapopimwa uzito, swali hili huulizwa na akina mama wa Baraka, mji wa Fizi mashariki mwa Kongo, na zaidi na akina nyanya waliowasindikiza. Jibu fupi ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na mtoto anayenyonya kila anapotaka, hata kando ya ziwa Tanganyika, hapati kiu. Jibu ni sahihi, ila limeacha jambo kubwa zaidi: tumbo ambamo kikombe cha maji kinakwenda kumiminwa lina wenyeji tayari.

Wenyeji hao ni bakteria. Mwaka 1899 Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aligundua katika choo cha watoto wanaonyonya kijidudu chenye umbo la Y, ambacho leo tunakiita bifidobakteria. Chakula chake kilichukua miaka mingi kueleweka. Ukiondoa maji, kitu kilicho kingi kuliko vyote katika maziwa ya mama ni sukari ya laktosi, kisha mafuta. Cha tatu ni sukari zilizoungana kwa minyororo, oligosakaridi, za aina zaidi ya 150. Kila lita ina gramu 5 hadi 15, na katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, huzidi hapo. Mtoto hana kimeng'enya cha kuzivunja. Humpita zikiwa nzima hadi utumbo mpana. Yaani mama wa Fizi aliyeshinda shambani, akala bugali na sombe mara moja tu, anatumia nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hawezi kukimeng'enya.

Anayekila ni bakteria aitwaye Bifidobacterium infantis. Baadhi ya bakteria wengine huzikata sukari hizi nje ya miili yao, na makombo yakaokotwa na yeyote aliye karibu. Huyu huzivuta nzima ndani ya seli yake na kuzikatia humo. Hamwachii jirani kitu. Kisha hutoa asidi, ile iliyomo katika siki na ile ya maziwa ya mgando, na utumbo unakuwa mchachu kiasi kwamba vijidudu vingi vya kuhara vinashindwa kustawi. Mama anayefua vitambaa vya mtoto anayenyonya tu anakijua choo hicho bila kuhitaji maabara: laini, cha manjano, chenye harufu ya uchachu kuliko uvundo.

Kwa Baraka jambo hili si la vitabuni. Fizi, kama Uvira na Kalemie, ni eneo ambalo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, na hapo maziwa yana kazi ya pili. Kijidudu alichokimeza mama kutoka ziwani au mtoni hutambuliwa na seli za kinga katika utumbo wake. Seli hizo husafiri hadi kwenye matiti na kutengeneza huko kingamwili ya IgA, ambayo mtoto huinyonya pamoja na maziwa. Kwa hiyo maziwa ya mama wa Baraka yana kinga dhidi ya vijidudu vya Baraka, na hakuna kopo la maziwa ya unga linaloweza kuiga hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 kutoka Bangladesh ulionyesha kwamba kingamwili katika maziwa hazikukizuia kijidudu cha kipindupindu kuingia katika utumbo wa mtoto, lakini watoto waliozipata kwa wingi waliugua kwa nadra zaidi.

Kikombe cha maji, basi, kinaleta vijidudu, na tena kinajaza tumbo. Mtoto hunyonya kidogo, matiti hupunguza maziwa, na bakteria wake wanakosa chakula. Dawa za mitishamba za “kusafisha tumbo” na uji mwepesi kabla ya miezi sita hufanya vivyo hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kwamba chini ya nusu ya watoto wa Kongo wa umri huo walikuwa wakinyonya tu. Akina nyanya siwalaumu. Mama anayekwenda shamba la mbali na kumwacha mchanga kwa dada yake wa miaka minane hahitaji hotuba. Anahitaji mtu wa kumbebea jembe ili yeye ambebe mtoto.

Ninachokilaumu ni antibiotiki zinazonunuliwa dukani kila mtoto anapoharisha. Muuguzi akiziandika kwa sababu, zinaokoa maisha. Zikitolewa ovyo, zinaua hata wale wenyeji wema. Na upungufu wao si jambo dogo: mwaka 2022 watafiti waliofanya kazi Dhaka walieleza kuwa watoto wachanga wenye utapiamlo mkali walikuwa na B. infantis wachache mno, na waliopewa bakteria hao kwa majuma manne waliongezeka uzito vizuri zaidi. Ulaya na Marekani bakteria huyu amekuwa adimu na anauzwa kama unga. Kwa watoto wa Afrika bado anapatikana sana, na anachodai ni mtoto anyonyeshwe.

Baada ya miezi sita ndipo unapokuja uji wenye unga wa ndagala, huku mtoto akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Na aliyelazwa kwa kipindupindu haachishwi kunyonya: anapewa serumu ya kunywa kwa kijiko, ananyonya, anapewa tena.