Kwa nini kofia ngumu iliyokwisha kugongwa haifai tena

Kila asubuhi, kwenye mteremko unaotoka Kimisagara kuelekea kituo cha mabasi cha Nyabugogo mjini Kigali, pikipiki za abiria hupishana zikiwa na watu wawili, kila mmoja na kofia yake ngumu. Sheria ya Rwanda inawataka dereva na abiria wote waivae. Hata hivyo, kofia ya abiria huvaliwa na watu wengi kwa siku moja, na anayeipokea hajui yaliyoipata hapo awali. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa kofia ngumu hukinga kichwa kwa kuharibika yenyewe.

Plastiki ikikandamizwa polepole hupinda, kwani minyororo ya molekuli zake hupata muda wa kuteleza. Plastiki hiyo hiyo ikipigwa ghafla hukosa muda huo, ikapasuka mithili ya kioo. Nguvu hukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo au kasoro ndogo, na ufa huanzia hapo. Katika kioo chenyewe, ufa waweza kukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde.

Gamba la nje la kofia hulitawanya pigo ili lisiangukie mahali pamoja. Chini yake mna povu gumu jeupe, mfano wa lile linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Povu hilo hubonyea na kukipa kichwa nafasi ya kusimama hatua kwa hatua.

Nafasi hiyo, ingawa ni ndogo, ndiyo inayookoa maisha. Katika jaribio la Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, kofia iliyovishwa kichwa cha bandia hugongeshwa kwenye chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Kichwa kikisimama kutoka kasi hiyo ndani ya milimita 3, hukumbwa na nguvu inayozidi uzito wake takriban mara 950. Kikisimama ndani ya milimita 30, nguvu hiyo hushuka hadi mara 95 hivi.

Povu lililobonyea halirudi lilivyokuwa. Gamba laweza kuonekana zima ilhali kinga iliyo ndani imekwisha. Jua kali na petroli nazo huidhoofisha plastiki kadiri siku zinavyopita.

Mwaka 2024 mradi wa Tuwurinde, neno la Kinyarwanda lenye maana ya “tuulinde”, ulizinduliwa nchini Rwanda ili kuhimiza matumizi ya kofia zinazokidhi viwango vya usalama. Kwa abiria, hatua ya kwanza ni kuitazama kofia ndani na nje kabla ya kupanda, kuikataa yenye ufa au povu lililobonyea, na kufunga mkanda chini ya kidevu. Wahenga walihimiza kuziba ufa. Ufa wa kofia ngumu hauzibiki.