Unencan, Jina la Mtu Mmoja

Ukiita "Kambale!" katika soko la Bunia, wanaume kadhaa watageuka. Kwa Wanande, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Jina hilo linakuambia mtu alizaliwa wa ngapi. Nyumba yake halikutajii. Langu mimi ni Unencan. Mtaani kwetu hakuna mwingine mwenye jina hilo asiye wa damu yetu, na vijana wetu waliona uchache huo ni bahati: fuata jina, utaufikia ukoo. Sivyo, na mkoani kwetu Ituri wapo wengi waliowatafuta wazee wao kwa njia hiyo wakakwama.

Kwetu Waalur, mtoto hupewa jina la yaliyotokea alipozaliwa. Mmoja ni Mungujakisa, kwa sababu Mungu amewahurumia wazazi. Unencan ni aliyeona taabu: babu alizaliwa mama yake akiwa ametoka kuzika watoto wawili. Baba yake babu alikuwa na jina jingine kabisa, na watoto wa babu wakapewa mengine. Jina limekuwa la familia kwa sababu ya siasa. Mwaka 1972 Mobutu, rais wa Zaire, alipokataza majina ya Kizungu, baba aliacha jina lake la ubatizo, na mahali pake akaandikisha la babu. Sisi watoto tukalirithi kwenye karatasi za shule. Kwa hiyo, kama jina la ukoo, Unencan ni mtoto wa Zaire. Ukilifuata nyuma, linaishia kwa mtu mmoja tu.

Kutoka hapo lazima ubadili njia. Sisi tulianzia kwenye daftari la ubatizo la parokia, kule Mahagi, ambamo huandikwa wazazi, kijiji na msimamizi wa ubatizo. Babu yumo kama "Unenkan", maana aliyeandika aliisoma c yetu Kifaransa. Tafuta kila tahajia unayoweza kuifikiria! Jina la msimamizi ndilo lililomfungua shangazi mdomo: huyo na babu waliondoka pamoja kwenda Bambu, kwenye machimbo ya Kilo-Moto. Dhahabu ya Kilo ilijulikana tangu 1903, na kazi yake iliwavuta vijana wengi mbali na kwao. Ndivyo ukoo wetu ulivyosogea kuelekea Bunia.

Ukoo wenyewe tuliupata kwa wazee wa mahari. Watu wa ukoo mmoja hawaoani, hivyo kabla ya mifugo kutoka zizini wazee huuliza ukoo wa mama, na wa mama yake mama. Wanayokumbuka hayamo katika ofisi yoyote.

Lakini uliza kwa upole. Wakati wa vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, kwenye barieri za barabarani jina peke yake liliweza kutaja kabila la mtu, na likamgharimu uhai. Wapo waliobadili majina wakapona. Mzee akinyamaza mbele ya watu, usimbane. Rudi siku nyingine, mkiwa wawili tu.

Upande wa baba tumefika kizazi cha tano. Kwa bibi, mzaliwa wa Djukoth, tumesimama kwa mama yake. Shangazi anasema tumtafute aliyepokea mbuzi wa mahari ya bibi, au wanawe ikiwa ameshaaga dunia.