Homa baada ya kuzuru mbuga

Wakazi wengi wa Nairobi wafungapo safari ya siku 3 au 4 kwenda Tsavo, Amboseli au Maasai Mara huhofia simba na ndovu. Adui wa kuogopwa zaidi, hata hivyo, ni mbu aina ya anofelesi, ambaye huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mbu huyo ni nadra huko. Kwa hivyo, aliyelelewa jijini hana kinga ya kutosha dhidi ya malaria, na ugonjwa unaweza kumlemea haraka, hasa akiwa mtoto mdogo au mama mjamzito.

Jioni vaa nguo za mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza mbu na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Mwone daktari kabla ya safari akushauri kuhusu tembe za kinga, na urudipo nyumbani endelea kuzimeza hadi siku ulizoagizwa ziishe.

Dalili kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati safari imekwisha kusahaulika. Ukipata homa, maumivu ya kichwa au kutapika, usinunue tembe dukani na kungoja. Pimwa damu siku hiyo hiyo, na umweleze daktari ulikokuwa.