Kutazama Mchezo Mpya wa Kuigiza

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo upande wa kaskazini-magharibi wa Tanzania, kuigiza si jambo la kigeni. Tangu zamani, jua likishatua na chakula kikishaliwa, bibi huketi karibu na moto na wajukuu humzunguka. Akisimulia habari za fisi, sauti yake huwa nzito yenye ulafi; akifika kwa sungura, sauti huwa nyembamba na macho yake hucheka. Hana mavazi ya kujibadilisha wala jukwaa la kupanda, lakini watoto humwona fisi na sungura mbele yao. Nao hawakai kimya tu. Huitikia panapotakiwa kuitikia, huimba panapoimbwa, na hadithi ikiisha huulizana ni nani aliyekosa.

Mchezo wa kuigiza ulioandikwa, ambao siku hizi vitabu huuita tamthilia, ni ndugu wa hadithi hiyo, lakini si pacha wake. Bibi asimuliapo husema waziwazi kwamba fisi ni mlafi na sungura ni mwerevu. Mwandishi wa mchezo hasemi hivyo. Yeye hujificha nyuma ya pazia na kuwaacha watu wake waseme wenyewe. Mwongo huja mbele ya watu akasema uongo wake kwa uso mkunjufu, wala hapana anayepiga kelele kwamba huyu ni mwongo. Hapana budi mtazamaji amtambue mwenyewe kwa maneno yake na kwa matendo yake. Ndiyo maana husemwa kwamba mchezo hufanywa na watu watatu: mwandishi, mwigizaji na mtazamaji. Mmoja akishindwa kazi yake, mchezo huharibika.

Tena iko tofauti kati ya mchezo wa kale na mchezo mpya. Hadithi ya kale imekwisha kupimwa na wazee wengi, na mafunzo yake yanajulikana. Mchezo mpya huzungumza habari ambazo watu wa siku hizi bado wanabishana juu yake. Mtoto akimwuliza babu yake maana ya mchezo huo, yamkini babu naye hajui, maana ameuona siku ileile aliyouona mjukuu. Kwa hiyo mtazamaji wa mchezo mpya ana kazi kubwa kuliko msikilizaji wa hadithi, na kazi hiyo hufunzwa kama kazi nyingine zote.

Michezo ya kuigiza ya Kiswahili iliyopigwa chapa haina umri mrefu. Mwaka 1957 ulitolewa mchezo wa Henry Kuria wa Kenya. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare uitwao Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, ili kuonyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mambo mazito. Kisha wakatokea Watanzania walioandika michezo yao wenyewe, kama Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Emmanuel Mbogo na Edwin Semzaba. Kwa mifano michache mwanafunzi aweza kujifunza namna ya kutazama.

Jambo la kwanza ni kujua sababu ya kicheko. Edwin Semzaba aliandika mchezo uitwao Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Ngoswe ni kijana msomi aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Afikapo huko, pombe na mapenzi ya binti wa mwenyeji wake humteka, naye huisahau kazi iliyomleta. Mwisho wake karatasi za hesabu huteketezwa kwa moto. Watazamaji hucheka sana, na si vibaya, kwa kuwa mwandishi mwenyewe alitaka wacheke. Lakini mwanafunzi wa Biharamulo akumbuke makarani waliopita nyumba kwa nyumba wakati wa Sensa ya mwaka 2022. Hesabu yao ndiyo inayojulisha serikali mahali panapohitajika shule, zahanati na kisima. Kijiji ambacho karatasi zake zimeungua ni kama kijiji kisicho na watu. Basi mtazamaji mwema hucheka, kisha hujiuliza, "Kicheko hiki kimelipwa na nani?" Hapo huona kwamba nyuma ya uzembe wa kijana mmoja wako watoto wengi ambao hawakuhesabiwa.

Jambo la pili ni kuuliza kila mtu jukwaani anataka nini. Mfano wake ni Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliotolewa mwaka 1969. Mwandishi alizaliwa Kilwa mwaka 1943, naye alichukua habari ya Vita vya Maji Maji iliyoanza mwaka 1905 katika nchi za kusini. Kila mtu ajua mwisho wa vita vile: maji hayakuzuia risasi. Mtazamaji mvivu atasema, "Habari hii naijua," akasinzia. Lakini mwandishi hakuandika ili kusimulia vita tu. Katika mchezo wake Kinjeketile huwapa watu maji ili makabila yaliyogawanyika yaungane, naye huwasihi wangoje mpaka wawe tayari. Watu hawataki kungoja. Wao wameteswa katika mashamba ya pamba, na wanachotaka ni kupigana upesi. Kinjeketile naye huanza kulionea shaka neno lake mwenyewe, lakini neno limekwisha kumtoka na kuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni, akiwa mfungwa, aambiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Hakubali, maana akikiri, watoto watakaokuja watafundishwa kwamba baba zao walikosea kupigania uhuru wao.

Je, Kinjeketile alisema kweli au alidanganya? Mwalimu akiwauliza wanafunzi arobaini, huenda akapata majibu mawili au matatu, na kila jibu laweza kuwa na hoja njema. Anayejua kila mtu alitaka nini ndiye atakayejibu vizuri. Asiyeuliza hivyo atasema tu kwamba huyu alikuwa mwema na yule mbaya, kama kwamba anasikiliza habari za fisi na sungura.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nalo ni mtazamaji kujipima mwenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, nao walikuwa watatu. Miaka iliyofuata ugonjwa huo ulijaza makaburi, ukawaacha watoto wengi mikononi mwa mabibi. Barabara kuu ipitayo Nyakanazi katika wilaya ya Biharamulo, ikaenda Ngara hadi Rusumo mpakani mwa Rwanda, hupitiwa na malori mengi, na mahali wasafiri wanapolala ugonjwa hupata njia. Hata hivyo katika nyumba nyingi watu waliona aibu kuutaja kwa jina lake.

Juu ya aibu hiyo Steve Reynolds aliandika mchezo uitwao Orodha. Msichana aitwaye Furaha amekufa kwa Ukimwi. Ameacha barua itakayosomwa siku ya maziko, na habari zikaenea kwamba ndani yake imo orodha. Mara watu wenye heshima kijijini wanaingiwa na hofu. Kila mmoja adhani jina lake limeandikwa humo, naye hutafuta njia ya kuipata barua hiyo kabla haijasomwa. Watazamaji nao huanza kunong'onezana, "Fulani yumo. Na yule naye yumo." Lakini barua ikisomwa, haina jina la mtu hata mmoja. Ni orodha ya mambo ambayo yangaliweza kumwokoa Furaha kama angaliyapata kwa watu wake, kama ukweli, uaminifu na upendo.

Hapo ndipo mchezo unapomgeukia mtazamaji. Aliyekuwa akinyoosha kidole kuwataja wenye dhambi huona aibu, kwa kuwa alikuwa akitafuta majina, naye msichana alikuwa akitafuta msaada. Mchezo mpya ulio mzuri hufanya hivyo mara nyingi. Humwacha mtazamaji awahukumu wengine, kisha humwonyesha kwamba yeye naye yumo kijijini. Asikasirike kwa sababu hiyo. Kioo hakikosi kwa kuonyesha doa lililo usoni.

Jambo la nne ni kusema baada ya kutazama. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi. Waliwauliza wanakijiji shida zao, nao wakataja vijana wasio na kazi na wasichana wa shule waliokatiza masomo kwa kupata mimba. Ndipo wanakijiji wenyewe wakafanya mchezo juu ya mambo hayo, pamoja na ngoma na nyimbo zao, kisha wakakaa kuyajadili. Jambo ambalo mzazi na mwana walishindwa kuambizana nyumbani lilisemwa na mwigizaji, na likishasemwa mbele ya watu wote, likawa rahisi kuzungumzwa. Faida ya mchezo haikuisha waigizaji waliponyamaza, ilianzia hapo.

Shule yoyote ya Ngara au Biharamulo yaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Uwanja uliofagiwa chini ya mti watosha kuwa jukwaa, na khanga mbili juu ya kamba zatosha kuwa pazia. Mchezo ukiisha, mwalimu na wazee wawape watoto nafasi ya kuuliza, wala asichekwe yeyote kwa swali lake.

Iko hatari moja ambayo watazamaji wapya huanguka ndani yake. Mvulana akiigiza mlevi vizuri sana, kesho yake rafiki zake humwita Mlevi. Msichana akiigiza mke mkorofi, majirani humtazama kwa jicho baya. Hilo ni kosa, nalo huua michezo. Mwigizaji ameazima tu tabia ya mtu mwingine, kama bibi aazimavyo sauti ya fisi; na hapana mtoto aliyepata kumwogopa bibi yake kwa sababu alinguruma. Kama waigizaji wa sehemu mbaya watatukanwa, mwaka ujao hapana atakayekubali kuziigiza, na mchezo usio na mtu mbaya hauna la kufundisha.

Wala si kila mchezo mpya ni mzuri kwa sababu ni mpya. Mingine ina maneno mengi na matendo machache. Mingine huhubiri tangu mwanzo hata mwisho, watu wake wakawa kama vipaza sauti vya mwandishi. Mtazamaji ana haki ya kusema kwamba mchezo haukumpendeza, lakini atoe sababu. Aonyeshe ni wapi mtu jukwaani alitenda jambo lisilolingana na tabia yake, au ni wapi mashaka yaliondolewa upesi mno. Anayesema tu "Mbaya!" hajasema neno, na anayepiga makofi kwa kila kitu hamsaidii mwandishi wala mwigizaji.

Mwisho, yafaa kukumbuka watu ambao hawakuwapo. Michezo mingi mipya ni ya Kiswahili, lakini nyumbani wazee wengi huzungumza Kihangaza, Kishubi au Kisubi. Mtoto arudiye kutoka shuleni jioni, akikaa motoni na kumsimulia bibi yake habari za Furaha kwa lugha ya nyumbani, atagundua haraka kama ameuelewa mchezo au sivyo. Mahali alipokuwa amesinzia, hapo ndipo hadithi yake itakapokatika. Na bibi hatamwuliza ni nani aliyeandika mchezo huo, wala mwaka ulipotolewa. Atauliza, "Hata mama yake hakujua? Au alijua akanyamaza?"

Swali hilo mtoto atalala nalo. Na kesho yake, akikutana na wenzake njiani kwenda shule, atakuwa na jambo la kuzungumza nao mpaka kengele ya asubuhi ilie.