Vidole Vikigoma, Kipanya Kikae Kando

Wewe unayebofya kipanya mchana kutwa bila kuguna, shukuru. Shangazi yangu anachapa barua za watu kwenye steshenari moja hapa Bariadi, na baridi yabisi imemvimbisha viungo vya vidole. Kuchapa anajikongoja, ila kukibana kipanya na kukiburuta, weee! Bosi kashaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Akitoka hapo ni kurudi shambani kuchuma pamba, kazi ya vidole hiyohiyo.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Kwenye Windows bonyeza pamoja Alt na Shift za kushoto na Num Lock, kisha kubali. Namba za kulia mwa kibodi zinasogeza mshale: 8 juu, 2 chini, 4 kushoto, 6 kulia. 5 inabofya, 0 inashikilia kitu ukiburute, nukta inakiachia.

Mwenye vijisenti atafute kipanya chenye mpira juu. Chenyewe kinatulia mezani, unaviringisha mpira tu. Si ushamba wala usasa. Wanamaji wa Kanada walikuwa nacho mwaka 1952, mpira wenyewe wa bowling! Ila kama kinachouma ni kidole gumba, usichukue kile cha kuviringishwa kwa gumba. Chukua chenye mpira katikati.