Kuunda Kipaza Sauti kwa Mkono na Suala la Istilahi Zake

Wapo watu ambao uraibu wao ni kuunda vipaza sauti kwa mikono yao. Hawanunui spika na kuitia sandukuni. Huiunda spika yenyewe, kuanzia waya hadi karatasi. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kisha yanadokeza tatizo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hukumbana nalo punde anapojaribu kuieleza.

Muundo wa kipaza sauti tunachokijua leo ulielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, na haujabadilika sana. Waya wa shaba uliopakwa vanishi huzungushwa kwenye mrija mwepesi wa karatasi. Mrija hugundishwa kwenye kitako cha koni, kisha hutumbukizwa katika mwanya wa sumaku. Mkondo wa umeme unapopita, waya husukumwa mbele. Mkondo ukigeuka, huvutwa nyuma. Koni huufuata waya, nayo hewa huifuata koni.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mrija una kipenyo cha milimita 25 na waya una unene wa milimita 0.2. Waya wa aina hiyo huwa na ukinzani wa takriban omu 0.55 kwa kila mita. Mita 12, yaani mizunguko kama 150 hivi, zitatoa omu 6.6, kiasi kinachofaa redio inayohitaji spika ya omu 8.

Ugumu uko kwenye mwanya. Ukiwa mpana, nguvu ya sumaku hupungua na sauti hufifia. Ukiwa mwembamba mno, waya hukwaruza chuma na sauti hukoroma. Ndiposa koni hushikiliwa mahali pawili: ukingoni kwa kitambaa laini, na shingoni kwa kitambaa chenye mikunjo kilichokazwa kwa gundi. Kiungo hiki cha pili Waingereza hukiita buibui. Ili mrija ukae katikati barabara, vipande vyembamba vya karatasi hupenyezwa kati yake na chuma, gundi huachwa ikauke, ndipo vipande huchomolewa. Hapa haraka haina nafasi kabisa. Baadaye spika hufungwa kwenye ubao au sanduku, kwani bila kizuizi hewa ya mbele na ya nyuma hubatilishana na sauti nzito hupotea.

Sasa tuligeukie jina. Kitenzi 'paza' ni kauli ya kutendesha ya 'paa', na 'kipaza sauti' ni chombo cha kuifanya sauti ipae. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku jina hilo hutajia kile anachokishika mhutubu mkononi na pia kile kilichofungwa juu ya gari la kampeni. Wengi wetu tumezoea kuuita mkanganyiko huu uzembe. Aliyeunda spika hawezi kukubali upesi hivyo. Akiongea mbele ya koni yake, waya utatikisika ndani ya sumaku na kuzalisha umeme mdogo; spika imekuwa maikrofoni. Zipo simu za ofisini na milangoni zinazotumia spika moja kwa kazi zote mbili. Lugha ya mitaani imeviunganisha vitu ambavyo kimaumbile ni kimoja.

Isitoshe, hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoipaza sauti. Kimoja huigeuza kuwa umeme, kingine huurejesha umeme kuwa sauti. Kazi ya kukuza ni ya mtambo ulio katikati. Kwa maandishi ya kufundishia, ningependekeza 'maikrofoni' kwa cha kwanza, 'kikuza sauti' kwa mtambo wa katikati, na 'kipaza sauti' kwa cha mwisho, japo maana yake asilia inapinda kidogo. 'Kinasa sauti' hakifai popote hapa, kwa kuwa tayari ni jina la chombo cha kurekodia. Kuhusu buibui, sioni haja ya kubuni jina jingine: naye hukishika kitu katikati kwa kukivuta kutoka pande zote.