Cheni isipokaa sawa, injini hufa

Ukimpelekea fundi wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, injini kuukuu ya dizeli ifanyiwe ovaholi, atakutajia bei ya pistoni, ringi na beringi. Muulize pia habari ya cheni ya taimingi.

Chukua Mercedes-Benz 240D iliyoundwa Ujerumani kati ya 1976 na 1985. Cheni yake ya safu mbili huunganisha krankishafti na kamshafti, na ndiyo pia iendeshayo pampu ya dizeli. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Sasa, dizeli hukandamiza hewa mno (hapa mara 21 hivi), hivyo nafasi baina ya pistoni na valvu ni finyu. Cheni ikiruka meno, pistoni hugonga valvu zikapinda, na pesa zako zimekwenda.

Fundi mwangalifu huweka pistoni ya kwanza juu kabisa, alama ya krankishafti ikisoma sufuri, na ya kamshafti ikielekeana na alama ya beringi yake. Pampu nayo ina taimingi yake. Akishavika cheni na kufunga kikazio, huizungusha injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, bila kuirudisha nyuma, kisha hutazama alama tena. Akihisi kizuizi, asilazimishe. Anayetaka kujaribu kwa stata, mnyang'anye ufunguo!

Na cheni ya zamani? Hurefuka pini zake zinapochakaa, alama zikapishana. Kuirudisha ati kwa sababu haijakatika ni ubahili, ilhali injini iko wazi tayari. Nunua pamoja nayo zile reli za plastiki zinazoiongoza, kwani zikivunjika vipande vyake huingia katikati ya meno.